Huduma ya kuandaa mikataba mtandaoni: kwenye biashara iko vizuri, kwenye mambo ya ndugu na kwenye chat inaangusha watu

Niseme mapema ili asiye na muda aishie hapa: kwa mikataba ya biashara ya kawaida hii huduma ni nzuri na naipendekeza, kwa makubaliano ya ndugu na wanandoa usiitegemee kabla hujabadilisha jibu inalokuwekea yenyewe, na ile sehemu ya kuchat humo ndani uwe nayo makini sana. Jina nimeliacha makusudi maana huduma za aina hii ziko nyingi na kwa mengi zinafanana, ninachotaka mkiangalie ni kitu ambacho watu wakilinganisha hizi huduma hawakigusi kabisa, wanaongelea bei na muonekano na kasi basi. Kitu chenyewe ni nia. Yani je, hawa watu walikusudia kufungana kisheria au walikuwa wanaongea tu?

Inavyofanya kazi ni kama nyingine zote, unajibu maswali, unajaza majina na kazi yenyewe na tarehe na malipo, inakutolea hati, mwenzako anatumiwa linki anasoma, mnajadiliana kwenye chat, mnasaini humohumo. Tofauti yake ni kwamba kabla haijakuuliza bei wala tarehe inakuuliza hivi: "Je, mnataka makubaliano haya yawafunge kisheria?" na majibu ni matatu, Ndiyo, Hapana, na Bado. Mtu akiliona mara ya kwanza anaweza kulipita haraka akidhani ni urembo tu, na hapo ndo anapokosea, kwa sababu hilo swali ndo limebeba hati nzima.

Kwa wasiojua, nchi zinazofuata sheria ya mikataba ya asili ya Uingereza zinataka mambo kadhaa ndo mkataba uwepo: mmoja atoe ofa, mwingine aikubali, kila upande utoe kitu chenye thamani, na juu ya hayo yote pawe na nia ya kujifunga kisheria. Unaweza ukawa na matatu ya kwanza yamekamilika kabisa na bado usiwe na kitu cha kupeleka mahakamani. Rafiki akikwambia nisaidie kuhamisha vitu Jumamosi na mimi nitakusaidia wiki ijayo, ukasema sawa, hapo ofa ipo, kukubali kupo, na kila mtu anatoa kitu, lakini asipotokea wiki ijayo hamna hakimu atakayekusikiliza, kwa sababu mtu yeyote mwenye akili timamu angejua mlikuwa mnasaidiana kirafiki.

Na nia yenyewe haipimwi kwa kilichokuwa moyoni. Hili huduma imelieleza kwa mistari miwili mitatu ukibonyeza alama ya kuuliza, na imelieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Tangu kesi ya Smith na Hughes ya mwaka 1871, ile ya mtu aliyeuziwa shayiri mpya akidhani anauziwa ya zamani, Jaji Blackburn aliliweka wazi kwamba mtu akijiendesha kiasi kwamba mwenzake mwenye akili za kawaida ataamini amekubali masharti, na mwenzake akaamini hivyo na kuingia mkataba, basi amefungwa kama vile alikusudia kweli. Mahakama inaangalia maneno yako, maandishi yako, mazingira na mlivyozoeana. Ulichokificha moyoni hakikuokoi, na kwa kweli ni haki, maana vinginevyo kila anayedaiwa angesimama aseme mi sikumaanisha.

Sasa namna nilivyoipima. Nilichukua kesi ambazo mahakama zilishaamua, nikaingiza mambo yake kama vile mhusika ni mimi, nikaona huduma itasema nini halafu nikalinganisha na walichosema majaji.

Nikaanza na tangazo la biashara, kwa sababu wana fomu ya promosheni. Nikaweka ahadi kama ile ya kampuni ya Carbolic Smoke Ball, ambao walitangaza kwamba atakayetumia kifaa chao cha kuzuia mafua mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama walivyoelekeza na bado akapata mafua makali atalipwa pauni 100, na kuonyesha hawatanii wakasema wameshaweka pauni 1,000 benki. Mama mmoja, Bi Carlill, akatumia, akaugua, akadai, kampuni ikasema lile lilikuwa tangazo tu la kuvutia wateja. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikasema hapana, zile pauni 1,000 zilizowekwa benki zinaonyesha mlimaanisha, lipeni. Huduma hapa ilinifurahisha sana, nilipoandika tu kwamba kuna fedha zimetengwa ikatoa onyo jekundu kwamba maneno haya yataonekana kama ahadi ya kweli kwa yeyote atakayetimiza masharti, je una uhakika? Safi kabisa.

Nikajaribu na upande wa pili, tangazo ambalo hamna mtu angeliamini. Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 1999, Leonard dhidi ya Pepsico, kampuni ilionyesha kwenye tangazo la televisheni ndege ya kivita ya Harrier kama zawadi ya mteja atakayekusanya pointi 7,000,000, kijana akagundua pointi zinanunulika akatuma cheki ya dola 700,008.50 akitaka ndege yake. Jaji akasema mtu wa kawaida angejua ule ni utani. Huduma ilipoona zawadi yangu ilitoa onyo lilelile jekundu la kwanza, yani haitofautishi. Sio kosa kubwa, afadhali ionye kupita kiasi kuliko kunyamaza.

Kwenye mikataba ya kawaida kati ya biashara na biashara yenyewe inakuwekea Ndiyo, na iko sahihi, maana mahakama zinaanza na dhana hiyohiyo kwamba wafanyabiashara wakikubaliana wamekusudia kufungana, na anayekana ndo ana kazi ya kuthibitisha, kazi nzito. Kuna kesi iliyoamuliwa mwaka 1964, shirika la ndege la Skyways liliahidi kumlipa rubani aliyepunguzwa kazi malipo waliyoyaita ya hisani, baadae wakasema si tuliandika hisani, hatudaiwi. Mahakama ikawaambia neno hisani halitoshi kuondoa nia, mliahidi, mtalipa.

Sasa tuje kwenye familia, na hapa ndo nina ugomvi nao. Ukichagua kwamba wahusika ni mume na mke, au mzazi na mtoto, au ndugu, huduma inajiwekea yenyewe jibu la Hapana na kuingiza mstari chini ya hati kwamba makubaliano haya ni ya kifamilia na hayana nguvu ya kisheria. Hapo lile swali la mwanzo haikuulizi. Inabidi uende kwenye mipangilio ya juu, ukafungue sehemu nyingine, ndo ubadilishe. Najua wameitoa wapi, wameitoa kwenye kesi ya Balfour ya mwaka 1919, mume alikuwa anafanya kazi Ceylon (Sri Lanka ya sasa), mke akabaki Uingereza kwa ushauri wa daktari, mume akaahidi kumtumia pauni 30 kila mwezi, ndoa ikaja kuvunjika, mke akadai akashindwa. Jaji Atkin akasema makubaliano ya wanandoa ya namna ile hayakusudiwi kupelekwa mahakamani kabisa. Sawa, hiyo ndo dhana ya kuanzia kwenye mambo ya nyumbani. Lakini ni dhana tu jamani, inapinduliwa na mazingira, na huduma imeichukua kama ukuta.

Angalia kesi ya Merritt ya mwaka 1970. Mume ameondoka kaenda kuishi na mwanamke mwingine, wakakutana kwenye gari kuongea, akakubali kutoa pauni 40 kwa mwezi, mke alipie mkopo wa nyumba kutoka humo, na mkopo ukiisha amhamishie nyumba. Mke akakataa kushuka kwenye gari mpaka aandike. Mume akaandika kikaratasi akasaini. Mke akamaliza mkopo, mume akagoma kuhamisha nyumba. Mahakama ya Rufaa ikamwambia hii sio Balfour, wale walikuwa wanapendana wakati wanakubaliana, nyinyi mlishatengana, watu waliotengana hawaachii mambo yao kwenye kuaminiana, wanataka kitu cha kushika. Mke akapata nyumba. Sasa nikaingiza mambo haya haya kwenye huduma, mke na mume waliotengana, nyumba, mkopo, na ikanitolea hati nzuri yenye mistari mizuri yote halafu chini kabisa kwa maandishi madogo: haina nguvu ya kisheria. Hebu fikiria huyo mama angeitumia huduma hii badala ya kikaratasi cha kwenye gari. Kikaratasi kilimpa nyumba, hati hii ingemnyima, kwa sababu ukiandika wazi kwamba hamkusudii kufungana, umeshajibu swali la nia kwa mkono wako mwenyewe na ile nafasi ya kupindua dhana umeifunga.

Hili linaniuma kwa sababu wanaotumia hizi huduma kwa mambo ya familia mara nyingi ndo wasio na uwezo wa wakili, na mara nyingi ndo upande ambao utabaki mikono mitupu.

Nikajaribu nyingine. Simpkins na Pays, 1955, bibi na mjukuu wake na mpangaji aliyekuwa anaishi nao walikuwa wanacheza shindano la gazeti kila wiki, fomu zinatumwa kwa jina la bibi, gharama wanachangia bila mpangilio, siku moja wakashinda pauni 750 na bibi akataka kuchukua zote. Mpangaji akapewa theluthi yake na mahakama, kwa sababu kulikuwa na mtu wa nje ya familia na wote walikuwa wanachangia kwa matarajio ya kugawana. Huduma hapa, niliposema tunaishi nyumba moja, ikaniuliza kama ni ndugu, nikasema wawili ni ndugu mmoja sio, ikaweka Hapana kwa wote watatu! Na ile ya Parker na Clark ya 1960, wazee waliwaita ndugu zao wauze nyumba yao waje kuishi nao, wakaandikiana barua kabisa nani atalipa nini, wakauza nyumba, wakahamia, baadae wakagombana wakafukuzwa. Mahakama ikasema mtu hauzi nyumba yake kwa maongezi ya kirafiki, hapo nia ilikuwepo, wakalipwa fidia. Kinachopima sana kwenye mambo ya ndugu ni hicho: mtu amejitoa kiasi gani kwa kutegemea ahadi, na maneno yenyewe yako wazi kiasi gani. Mama aliyemwambia binti yake aache kazi Washington akasomee uwakili Uingereza naye atamlipia, kesi ya Jones na Padavatton ya 1969, binti alishindwa pamoja na kujitoa kwake kote, majaji wawili wakaona ni mpango wa kifamilia usio na mipaka ya wazi, wa tatu akaona mkataba ulikuwepo ila muda wake ulishapita. Kwa hiyo sisemi wageuze waweke Ndiyo kwa ndugu wote, hapana, ninachosema wamuulize mtu. Maswali machache tu: mmetengana? kuna mali inayohama? kuna mtu anaacha kazi au nyumba kwa ajili ya ahadi hii? Halafu mtu achague mwenyewe.

Jibu la Bado ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ukilichagua inaandika juu ya kila ukurasa kwamba hamna upande unaofungwa mpaka hati ya mwisho isainiwe, na inatenganisha vipengele viwili ambavyo unaweza kuvifunga tangu mwanzo hata kama vingine bado, kutunza siri na nani atalipia gharama za majadiliano. Hii ni akili ya mtu anayeijua kazi, maana hati za maelewano na barua za kusudio, yani zile karatasi za kusema tunapanga kukubaliana, ndo mahali watu wanaumizana, mmoja anadhani tumeshakubaliana, mwenzake anadhani tunapiga stori.

Ila kuna shimo. Bado yako inaweza kufutwa na miguu yako mwenyewe. Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2010, kesi ya kampuni za RTS na Müller, walikuwa na barua ya kusudio na rasimu yenye kipengele kwamba mkataba hautaanza mpaka pande zote zisaini, hawakusaini, lakini kazi ya kufunga mitambo ikaendelea, malipo yakaendelea, mpaka wakabadilishana masharti katikati. Mahakama ikasema mkataba upo, kile kipengele cha kusaini mmekiacha wenyewe kwa vitendo. Sasa hii huduma ina sehemu ya kufuatilia kazi na malipo, na inakuruhusu kuanza kurekodi kazi iliyofanyika na kutuma ankara kwenye hati iliyo Bado, bila neno lolote. Pale ndo palitakiwa onyo jekundu kuliko kwenye zawadi za ndege.

Kuhusu jibu la Hapana kwa biashara, linafanya kazi inavyotakiwa. Mwaka 1913 kampuni ya Rose & Frank na wenzao wa Uingereza waliandikiana kwamba mpango wao sio mkataba wa kisheria, ni wa kuheshimiana tu, na mahakama ikaliheshimu hilo kwenye mpango wenyewe. Lakini oda ambazo zilishatumwa na kukubaliwa ndani ya mpango huo zilihesabika kila moja ni mkataba wake. Huduma haisemi hili la pili na ni kitu kinachoweza kumkuta yeyote mwenye makubaliano ya jumla ya "kuheshimiana" na muuzaji wake. Waongeze mstari mmoja tu, inatosha.

Sasa chat. Ndani ya hati kuna sehemu ya kuandikiana, nzuri, haraka, inahifadhi kila kitu na tarehe na saa. Na ina emoji, ukishika ujumbe wa mwenzako unaweza kuuwekea dole gumba. Kuna watu wanaweka dole gumba wakimaanisha nimeona, nitasoma baadae. Saskatchewan, Kanada, mwaka 2021 mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa kununua mbegu za kitani akamwambia thibitisha, mkulima akajibu kwa dole gumba, mbegu hazikuja, bei ilikuwa imepanda. Mkulima akasema nilimaanisha nimepokea tu. Mahakama mwaka 2023 ikaangalia huko nyuma, mara kadhaa alishajibu mikataba kwa maneno mafupi kama sawa na ndiyo na akaleta mzigo, ikasema mtu wa kawaida angeelewa hapa amekubali, na akatakiwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Rufaa yake nayo ikashindwa. Ni kipimo kilekile cha 1871, kimehamia kwenye simu. Na huduma inayohifadhi kila dole gumba na saa yake inamtengenezea mwenzako ushahidi, wakati wewe hujaambiwa chochote.

Chat hiyohiyo inaleta na shida ya utani. Msifikiri kusema nilikuwa natania kunatosha, Virginia mwaka 1952 mtu aliandika nyuma ya bili ya mgahawa kwamba anauza shamba kwa dola 50,000, wakiwa wanakunywa, mke wake akasaini, baadae akasema ulikuwa mzaha. Lucy na Zehmer, iliamuliwa 1954, shamba likaenda, kwa sababu kwa nje ilionekana mambo ya kweli: waliandika upya ili mke aingie, walijadili hati ya umiliki, mnunuzi akaondoka na karatasi. Na upande mwingine, London 2013, Mike Ashley, mwanzilishi wa kampuni ya Sports Direct, akiwa baa na wenzake alimwambia mmoja wao, Jeffrey Blue, atampa pauni milioni 15 akifanikisha bei ya hisa za Sports Direct kufika pauni 8. Bei ikafika. Jaji Leggatt mwaka 2017 akasema kwa mazingira yale, vinywaji, vicheko, ahadi isiyo na maelezo, hamna aliyekuwepo pale angeichukulia kama ofa ya kweli. Kesi zote mbili zina pombe, majibu tofauti, na tofauti iko kwenye vilivyoonekana kwa nje. Wajerumani kwenye sheria yao ya kiraia, kifungu cha 118, wanamruhusu mtu aliyetania kwa kuamini mwenzake ataelewa ni utani asifungwe, ila kifungu cha 122 kinamtaka amfidie mwenzake hasara aliyoipata kwa kuamini, na mi naona huo ni mpangilio wenye utu.

Nimewaandikia kuhusu haya yote. Kuhusu chat wamejibu haraka, wamesema wataweka chaguo la kuzima emoji kwenye hati ambazo bado hazijasainiwa, na kweli siku chache baadae likatokea kwenye mipangilio, kwa hiyo kama unaitumia nenda ukalizime sasa hivi. Kuhusu ankara kwenye hati za Bado wamesema wanalifanyia kazi. Kuhusu familia wamenijibu kwamba Hapana ndo salama zaidi kwa watumiaji wengi, na hapo hatujaelewana, nimewarudishia barua na mambo ya Merritt ndani yake.

Nyota nne kwa biashara. Kwa familia mbili, na kama lazima uitumie fungua mipangilio ya juu, sehemu ya aina ya makubaliano, ubadilishe mwenyewe kabla hujamtumia mwenzako linki, maana akishaisoma ikiwa na ule mstari wa chini kuutoa baadae ni ugomvi mwingine.